Homoni za kukoma hedhi na saratani ya titi: kwanza tuulize ni homoni ipi

Ndugu Mhariri,

Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya onyo la kisanduku cheusi, yaani onyo lake zito kuliko yote, lililokuwa kwenye dawa za homoni wanazopewa wanawake wanaokoma hedhi. Tangu hapo zinazunguka kwenye simu taarifa za aina mbili. Ya kwanza inadai dawa hizi zilisingiziwa kwa zaidi ya miaka 20 na sasa zimesafishwa. Ya pili inadai kampuni za dawa zimeshinda, na mwanamke atakayezigusa ajiandae kwa saratani ya titi. Mama wa miaka 51 ambaye halali usiku kwa jasho, shuka limelowa na asubuhi ana kazi, hapati msaada wowote katika hizo mbili. Sisi ni wafamasia. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze kilichopimwa, kwa namba zake, kisha tueleze na yale yanayoharibika dawa ikishatoka dirishani.

Mzozo wote ulianzia kwenye utafiti uitwao Women's Health Initiative, ulioendeshwa Marekani kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo. Sehemu yake ya kwanza ilichukua wanawake 16,608 ambao bado walikuwa na kizazi, wa miaka 50 hadi 79. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza kila siku kidonge chenye homoni mbili: miligramu 0.625 za estrojeni inayotolewa kwenye mkojo wa farasi majike wenye mimba, na miligramu 2.5 za medroksiprojesteroni, ambayo ni ndugu wa projesteroni anayetengenezwa kiwandani. Kundi la pili lilimeza kidonge kinachofanana nacho kwa sura lakini hakina dawa ndani. Julai 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, baada ya wastani wa miaka 5.2, kwa sababu saratani ya titi ilikuwa imevuka mpaka uliowekwa tangu mwanzo, na madhara kwa jumla yalizidi faida.

Vyombo vya habari vikaandika "asilimia 26 zaidi". Ni kweli, lakini asilimia 26 ya nini? Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliomeza homoni walipata saratani ya titi 38, na wasiomeza walipata 30. Walioongezeka ni 8 kati ya 10,000 kwa mwaka, au 4 hivi kati ya 1,000 kwa miaka mitano. Msomaji aliyeletewa asilimia peke yake alielewa kwamba katika kila wanawake 100 wanaotumia, 26 wataugua, na tafsiri hiyo haijafutika hadi leo. Katika utafiti huo huo mishtuko ya moyo, kiharusi na damu kuganda kwenye mapafu viliongezeka pia, huku kuvunjika nyonga na saratani ya utumbo mpana vikipungua. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zamani. Hawakuwa wale wanaosumbuliwa na joto la ghafla hivi sasa.

Sehemu ya pili ya utafiti ndiyo iliyosahaulika. Wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi walipewa estrojeni ile ile peke yake, bila mwenzake. Nayo ilisimamishwa mapema, mwaka 2004, lakini sababu ilikuwa kiharusi. Saratani ya titi kwao ilikuwa 26 kwa kila 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 33 kwa wasiomeza dawa. Ilipungua. Wakati ule ilionekana huenda ni bahati tu. Ufuatiliaji wa zaidi ya miaka 20, uliochapishwa 2020, ulionyesha kundi hilo la estrojeni pekee bado lina saratani ya titi pungufu kwa asilimia 22, na vifo vya saratani hiyo pungufu kwa asilimia 40. Kundi la homoni mbili lilibaki juu kwa asilimia 28, ingawa katika vifo tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Utafiti mmoja, estrojeni moja, majibu mawili yanayokwenda kinyume. Ndiyo maana mtu akituambia "homoni huleta saratani ya titi" au "homoni hazileti", hatuwezi kumjibu mpaka ataje dawa.

Kilichofuata baada ya Julai 2002 kilikuwa kama jaribio la nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake wapatao milioni 15 kwa mwaka walikuwa wakitumia homoni hizi Marekani, na vyeti vya daktari vilivyoandikwa vilifika milioni 90 kwa mwaka. Habari ilipotoka, wanawake waliacha kwa maelfu, wengi bila hata kurudi kwa daktari, na kufikia Julai 2003 uandikaji wa dawa ulikuwa umeshuka hadi kiwango cha vyeti milioni 57 kwa mwaka. Mwaka 2007 Peter Ravdin na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine hesabu kutoka kwenye daftari za kitaifa za saratani: mwaka 2003 kiwango cha saratani ya titi kilishuka kwa asilimia 6.7 kulinganisha na 2002. Ukilinganisha 2001 na 2004, kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 8.6. Kushuka huko kulionekana kwa wenye miaka 50 na kuendelea tu. Na kwa wa miaka 50 hadi 69, uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani ule unaoitikia homoni hiyo, ulipungua kwa asilimia 14.7, wakati ule usio na vipokezi ulipungua kwa asilimia 1.7 tu.

Wengi walishangaa kasi hiyo. Saratani huchukua miaka kukua mpaka ionekane. Inawezekanaje kuacha vidonge Julai na mwaka unaofuata wagonjwa wapungue? Jibu linaloridhisha wengi katika fani ni kwamba homoni hazipandi mbegu, zinamwagilia iliyokwisha kuota. Katika matiti ya wanawake wengi wenye umri huo kuna vijisaratani vidogo visivyoonekana. Estrojeni ikishirikiana na projestini (jina la jumla la projesteroni za kiwandani kama medroksiprojesteroni) inazihimiza chembe zenye vipokezi zigawanyike haraka, na uvimbe unafika ukubwa wa kuonekana mapema. Maji yakikatwa, baadhi husimama au hurudi nyuma. Maelezo haya yanalingana na aina ya uvimbe uliopungua.

Kulikuwa na pingamizi la maana: huenda wanawake walioacha homoni waliacha pia kwenda kupigwa picha ya matiti, kwa hiyo saratani zilikuwepo ila hazikutafutwa. Pingamizi hilo lilijibiwa kwa kuwaangalia wanawake wa miaka 50 hadi 69 waliokuwa wanaendelea kupigwa picha. Nao saratani ilipungua. Hata ndani ya utafiti wenyewe wa Women's Health Initiative, washiriki walioacha vidonge hatari yao ilishuka ndani ya miaka miwili bila idadi ya picha kubadilika. Dalili nyingine ni ya kijamii: kushuka kulionekana hasa kwa wanawake weupe wa maeneo yenye kipato kikubwa. Hao ndio waliokuwa watumiaji wakubwa wa dawa hizi. Wanawake weusi wa nchi hiyo hiyo hawakupata mteremko wa namna ile. Ujerumani, Ufaransa, Kanada na Australia nazo ziliona kushuka katika miaka hiyo.

Hadi hapo mtu angeweza kufunga kesi. Lakini wanaopenda kuitaja 2003 huishia hapo, nasi tungependa waendelee kusoma grafu hadi mwisho. Baada ya 2004 mteremko ulikatika. Kati ya 2012 na 2021 saratani ya titi Marekani ilipanda kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Katika kipindi chote hicho homoni hazikurudi: mwaka 1999 waliokuwa wakizitumia walikuwa asilimia 26.9 ya wanawake waliokoma hedhi, na kufikia 2020 walikuwa asilimia 4.7. Dawa imeshuka, saratani imepanda. Maana yake ni kwamba homoni mbili kwa pamoja zilichangia sehemu inayopimika, lakini mzigo mkubwa wa saratani hii unabebwa na mambo mengine. Katika jedwali linalotumika sana Uingereza, kati ya wanawake 1,000 wa miaka 50 hadi 59, 23 hupata saratani ya titi katika miaka mitano. Homoni mbili huongeza 4. Pombe, kuanzia yuniti mbili kwa siku (yuniti ya Uingereza ni gramu 8 za kilevi halisi), huongeza 5. Unene wa kupindukia huongeza 24. Hatujaona ujumbe wa kutisha kuhusu kiuno ukisambazwa kwenye simu kwa bidii ile ile.

Mabishano hayajaisha, na ni vizuri msomaji ajue yapo wapi. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 58 za dunia. Humo, mwanamke wa uzito wa kawaida anayeanza homoni akiwa na miaka 50 na kuzitumia miaka mitano, uwezekano wake wa kupata saratani ya titi kufikia miaka 69 hupanda kutoka asilimia 6.3 hadi 8.3 akitumia estrojeni na projestini kila siku, hadi 7.7 akitumia projestini kwa siku kadhaa za mwezi. Na hadi 6.8 akitumia estrojeni peke yake. Kwa lugha ya watu: mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 50, 70 na 200. Kuhusu estrojeni pekee, basi, uchambuzi huo unaona ongezeko dogo ambapo jaribio la Marekani liliona punguzo. Sababu moja inayotajwa ni kwamba washiriki wa jaribio walianza wakiwa na umri mkubwa na wengi walikuwa wanene, na mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni yake. Sisi, kwa mteja aliye mbele yetu, tunahesabu estrojeni pekee kuwa na hatari ndogo sana kwa titi, bila kumwahidi kwamba ni kinga. Uchambuzi huo huo ulionyesha pia kuwa kwa waliotumia muda mrefu sehemu ya hatari hubaki kwa zaidi ya miaka 10 baada ya kuacha.

Aina ya projesteroni nayo ina uzito. Wanawake wa Ufaransa zaidi ya 80,000 waliofuatiliwa katika utafiti wa E3N hawakuonyesha ongezeko walipochanganya estrojeni na projesteroni inayofanana na ya mwili; waliotumia projestini nyingi za kiwandani waliongezeka kwa asilimia 69. Huo ni ufuatiliaji, haukugawanya watu kwa bahati nasibu, na uzito wake ni wa kiasi hicho. Hata hivyo unatosha kumfanya daktari mwenye kuchagua achague projesteroni halisi kwanza.

Krimu au vidonge vya kuweka ukeni ni jambo tofauti kabisa. Mikrogramu 10 za estradioli, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki, hutibu ukavu, maumivu ya tendo la ndoa na maambukizi ya mkojo yanayojirudia, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Uchambuzi wa Lancet haukuona ongezeko la kutegemewa la saratani ya titi kwa watumiaji wake. Kuzibandika onyo moja na vidonge vya kumeza kulikuwa kosa, na kwa hili tunaikubali hatua ya Novemba 2025. Lakini msomaji aangalie kilichobaki: onyo kuhusu saratani ya kizazi kwa anayetumia estrojeni ya mwili mzima peke yake halikuondolewa. Na matokeo ya 2002 ni yale yale yaliyokuwa. Kilichobadilika ni karatasi ya ndani ya boksi. Ushauri ulioambatana na tangazo, wa kuanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, ndio uliokuwa ukifuatwa na wataalamu kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye makosa, maana hapa kwetu makosa ndiyo yanayoumiza kuliko takwimu.

Kosa la kwanza, na ni la hatari kuliko yote, ni kumpa estrojeni peke yake mwanamke mwenye kizazi. Ilijulikana tangu 1975 kwamba estrojeni isiyo na mwenzake hunenepesha utando wa ndani wa kizazi hadi kuzaa saratani. Hutokea hivi: ndugu aliye nje ya nchi anatuma vibandiko vya estradioli kwenye begi, anasahau vidonge vya projesteroni kwa kuwa yeye mwenyewe alishatolewa kizazi na hapewi. Anayepokea anabandika, joto linakwisha, anafurahi. Baada ya mwaka anaanza kuona damu. Mwenye kizazi lazima apate projesteroni: miligramu 100 kila usiku mfululizo, au miligramu 200 usiku kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Imezwe wakati wa kulala kwa sababu inaleta usingizi, jambo ambalo kwa wengi wa umri huu ni zawadi. Baadhi ya vidonge hivyo vimetengenezwa kwa mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga asome boksi kwanza.

Kosa la pili ni kutibu joto la ghafla kwa vidonge vya majira. Mantiki ya muuzaji ni kwamba "zote ni homoni". Kidonge cha kawaida cha majira kina mikrogramu 30 za etinilestradioli, estrojeni ya kiwandani yenye nguvu nyingi kuliko kipimo cha kutuliza ukomo wa hedhi. Kwa mwanamke wa miaka 53 mwenye presha ya kupanda, huko ni kuita kiharusi na damu kuganda. Na kwa kuwa tumetaja medroksiprojesteroni, kuna atakayeshtuka kwamba ndiyo iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ndiyo, ni hiyo hiyo, lakini inatolewa bila estrojeni, kwa wanawake wa umri ambao saratani ya titi bado ni adimu. Ongezeko linaloonekana wakati wa kuitumia ni dogo na hufifia baada ya kuacha. Asiache mtu sindano kwa sababu ya barua hii akabaki hana njia nyingine.

Kibandiko nacho kina adabu zake. Cha mikrogramu 25 au 50 kwa siku hubadilishwa mara mbili kwa wiki, tuseme kila Jumatatu na Alhamisi. Kinabandikwa chini ya kiuno, tumboni chini ya kitovu au kwenye tako, kamwe si kwenye titi. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa kinachokibandua ni mafuta na jasho: ngozi ioshwe, ikauke kabisa, isipakwe losheni wala mafuta ya nazi siku hiyo mahali hapo, kisha kibandiko kigandamizwe kwa kiganja kwa sekunde 10, kingo zote. Kikibanduka, bandika kipya na uendelee na siku ile ile ya kubadilisha. Kila mara hamisha upande. Faida ya kibandiko na jeli ni kwamba estrojeni haipiti kwanza kwenye ini, kwa hiyo kwa vipimo vya kawaida haiongezi damu kuganda kama vidonge vinavyofanya. Kwa titi, hata hivyo, kupitisha dawa kwenye ngozi hakujaonekana kuondoa hatari. Wauzaji wanaosema hivyo wanaongeza chumvi. Anayetumia jeli anawe mikono na aache mkono au paja likauke kabla ya kumbeba mtoto, maana jeli mbichi humpata na yeye.

Dawa nyingine huipunguza nguvu homoni ya kumeza: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Mwanamke analalamika joto limerudi, kipimo kinaongezwa, kumbe tatizo liko kwenye kidonge kingine. Mwulizwe anachomeza kabla hajaongezewa.

Damu. Mwanamke aliyepitisha miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, achunguzwe. Kwa asiyetumia homoni, utando wa kizazi ukizidi milimita 4 kwenye altrasaundi huchukuliwa kinyama na kupelekwa maabara. Anayetumia homoni mbili kila siku anaweza kuona madoadoa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Yakiendelea baada ya hapo, au yakianza upya baada ya kuwa yamekoma, arudi hospitali na asiambiwe "dawa bado inazoea mwili".

Kabla ya kuanza kuna maswali ya kuuliza: je, amewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda, kiharusi, mshtuko wa moyo, ugonjwa mkali wa ini, au damu ya ukeni isiyojulikana chanzo? Mwenye lolote kati ya hayo asianze kwa kujinunulia kaunta. Presha na uzito vipimwe. Matiti yakaguliwe na, pale mashine ilipo, picha ipigwe kabla. Homoni mbili huongeza wiani wa titi (msongamano wa tishu zake) kwenye picha na kumpa shida anayeisoma: katika utafiti wa Marekani, mwaka wa kwanza tu picha zenye kasoro zilikuwa asilimia 9.4 kwa waliomeza na 5.4 kwa wasiomeza. Fundi wa picha aambiwe dawa inayotumika. Kila mwaka dawa iangaliwe upya: je, bado inahitajika, kipimo kinaweza kupunguzwa?

Kuna kundi linaloonewa na hofu hii bila sababu. Mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyetolewa vifuko vya mayai vyote viwili akiwa kijana, anarudishiwa kile ambacho wenzake wa rika lake bado wanacho mwilini. Takwimu za watu wa miaka 60 hazimhusu. Apewe hadi afike karibu miaka 51, isipokuwa kama ana saratani inayomkataza; asipopewa, mifupa na moyo wake ndivyo vitakavyolipa.

Kwa Afrika Mashariki, wanawake wanaotumia tiba hii ni wachache, wengi hawajawahi kuisikia. Hivyo saratani ya titi inayojaza kliniki za Ocean Road au Kenyatta haiwezi kusukumiwa homoni hizi. Kinachoua kwetu ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa 2021, linataka angalau asilimia 60 ya saratani za titi zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, na vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea mithili ya ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu: hizo hazingoji mwezi uishe. Kinyama kinapochukuliwa, fomu ya maabara iombe na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, na HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za titi). Bila majibu hayo daktari hawezi kujua kama tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, itamfaa mgonjwa, na mara nyingi kinachokosekana ni mstari mmoja tu ambao hakuna aliyeujaza.

Aliyewahi kuugua saratani ya titi hapewi homoni za mwili mzima. Jaribio la Sweden liitwalo HABITS lilisimamishwa 2003 kwa sababu saratani ilikuwa inarudi zaidi kwa waliopewa. Naye hujiwa na joto lile lile, tena kali zaidi akiwa kwenye tamoksifeni, na zipo dawa zisizo na homoni: venlafaksini kuanzia miligramu 37.5, au gabapentini usiku kwa anayeamka kwa jasho. Paroksetini nayo hutuliza joto, lakini inazuia kimeng'enya cha ini kinachoibadilisha tamoksifeni kuwa dawa kamili, hivyo mgonjwa humeza tamoksifeni kila siku huku sehemu ya kazi yake ikizuiwa. Aliye kwenye tamoksifeni akiandikiwa paroksetini, airudishe karatasi kwa daktari abadilishiwe kabla hajameza kidonge cha kwanza. Na aliyekwisha kuizoea asiikate ghafla, ipunguzwe kwa hatua.

Wafamasia wawili,
Dar es Salaam